Kadi ya Dadi Iko Kwenye Begi Langu

Mama Sofia,

Salamu ya kwanza sijui niiandikeje. Ulipokuwa hai nilikuamkia shikamoo kila asubuhi, nawe ukajibu, "Marahaba, mzee mwenzangu, kaa ule," halafu ukacheka kwa sababu tumepishana miaka minne tu. Leo nikisema shikamoo hakuna wa kuitika. Basi niseme tu kwamba ni mimi, Baba Neema, yule mtu wa mawese, na mgongo unaniuma.

Jumamosi Sofia anapanda Newala kukuwekea msalaba. Mwaka umetimia. Mimi sitakwenda. Daktari amenikataza kukaa kwenye gari muda mrefu, na hiyo barabara yenu unaijua. Kwa hiyo naandika. Niliishia darasa la sita, lakini ulikuwa unasema mwandiko wangu ni wa karani, na matangazo yote ya ukutani ulikuwa unanipa mimi nikusomee. Hii nayo nitampa mtu akusomee.

Mahali pako nyuma ya ghala la korosho pangalipo. Sofia ndiye anayepika. Mafiga ni yale yale matatu, turubai ni lile lile lenye kiraka cha gunia, upawa ni ule ule ulioungua mpini. Mwanzoni ugali wake ulikuwa na madonge. Vijana wakavumilia kwa heshima yako. Wiki ya tatu heshima ikaisha, wakaanza kumwambia. Sasa anapika vizuri, na kisamvu chake, usikasirike, kimekipita chako.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza hapo. Nilikuwa nimekuja Masasi na kambi ya barabara, naponda kokoto huku nikitazama majabali, kambi ikahama nami nikabaki, nikaanza kubeba magunia. Ulinipa ming'oko ya kuchemsha. Nikauliza kama hiyo ni mizizi ya dawa. Ukaita wanawake wote wa karibu: "Njooni mumwone mtu wa Kigoma, anaogopa ming'oko!" Nikala kwa aibu. Tangu siku hiyo sikula kwa mtu mwingine hapa mjini, miaka kumi na miwili.

Na nakumbuka ulivyokuwa unawapokea vijana wapya. Kijana akileta sahani, kabla hujamwuliza jina, unamwuliza, "Umetimiza kumi na nane? Umejiandikisha?" Akisema bado, hukumnyima chakula, hukuwahi kumnyima mtu. Ila ulimwekea mchuzi mtupu juu ya ugali, halafu unamwambia, "Maharage yako yanakusubiri kwenye foleni ya kuandikishwa." Wenzake wanaangua kicheko. Kesho yake anauliza mwenyewe foleni iko wapi.

Mwaka ule wa uchaguzi mkuu, msimu wa korosho ulipokwisha, uliwachukua vijana sita wa huko kwenu, Dadi akiwa wa kwanza kwa kelele, ukapanda nao hadi kijijini wakaandikishwe kwenye Daftari la wapiga kura. Mimi ukaniambia nije nikushikie foleni wakati unawatafuta waliokwenda kunywa pombe ya uraka. Nikaja. Jua lilikuwa kali. Tulipopumzika ukanionyesha njia ya mtelemko ambayo mlikuwa mkiteremka mkiwa wasichana kufuata maji bondeni, mkipanda tena na ndoo kichwani. Ukavua kilemba, ukanionyesha utosi wako, pale ambapo nywele zilikataa kuota. Ukasema sasa maji yamefika kwa bomba, lakini kioski kina kufuli, ufunguo anao mwenyekiti wa kitongoji, naye anafungua jioni tu. Mama yako bado anaamka asubuhi anakuta ndoo tupu. "Nataka hawa watoto wachague mtu wa kufungua asubuhi," ulisema. Mimi nimebeba mizigo tangu utoto, nilielewa.

Vijana wote sita walipata kadi. Ukanigeukia. "Tukishuka Masasi na wewe ukajiandikishe pale Mkomaindo unapolala." Nikasema kwetu ni mbali, mimi hapa ni mpita njia. Ukaniangalia kama mtu aliyekanyaga nguo zako. "Mpita njia gani ana sahani yake kwangu?" Nikacheka. Sikwenda.

Tukiwa kwenye lori la kurudi ukawaambia wale sita neno, nao wakalirudia kwa sauti kama askari: "Kadi ikishakaa mfukoni umemaliza. Hata ukilala, wewe ni mpiga kura."

Mama Sofia, neno hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Ulipoondoka ilikuwa masika. Nilikuwa nje ya wodi nimeshika kanga yako na kikombe cha uji. Sofia akatoka, akachukua kile kikombe akakimwaga kwenye nyasi. Hapo nikajua.

Msimu ukarudi bila wewe. Malori yakaanza kuteremka na korosho, tukaanza kazi, na katikati ya kazi likapita gari la matangazo. Linasema wananchi wajiandikishe kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, siku kumi tu. Vijana wakapigapiga mifuko yao. Dadi akapiga mluzi, akasema, "Sisi tulishamaliza, waambieni waliolala." Na mimi niliamini hivyo hivyo. Gari likapita kesho, likapita keshokutwa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Siku ya saba nilikwenda kuomba maji ya kunywa pale ofisi ya mtaa. Nje kulikuwa na meza, na msichana mwandikishaji amekaa anajipepea na daftari. Akanisalimia vizuri, akauliza, "Baba, umejiandikisha?" Nikasema sina kadi. Akasema, "Hii haihitaji kadi, baba. Ni orodha ya wakazi wa mtaa. Kule vijijini ni ya kitongoji." Nikamwuliza, je, wenye kadi? Akasema hata wao. Kadi ni ya Daftari la Kudumu, la uchaguzi mkuu. Hii ni orodha nyingine, kila mtu aje upya, mahali anapoishi. Asiye kwenye orodha hapigi kura hata awe na kadi tatu.

Nilisimama na lile kopo la maji nikasahau kunywa. Mimi nisiye na kadi nilidhani hainihusu. Wao wenye kadi walidhani wamemaliza. Na aliyewafundisha hivyo ni wewe.

Nilikwenda kuwaambia wakati wa chakula cha mchana. Nilisema vibaya. Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka hachagui maneno. Dadi alinisikiliza huku anatafuna, halafu akasema, "Mama Sofia alisema kadi ikishakaa mfukoni umemaliza. Wewe mtu wa mawese umesikia wapi mengine?"

"Kwa mwandikishaji."

"Mwandikishaji ametulisha?"

Wakacheka. Ndipo nikasema, "Mama Sofia alikosea."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyeendelea kula. Sofia aliweka upawa chini kwenye jivu, wewe unajua hata siku moja upawa ule haukuwekwa kwenye jivu, akaingia nyuma ya turubai. Nilitamani kuyarudisha yale maneno kinywani. Nikanawa mikono nikarudi kwenye lori.

Asubuhi ya siku ya nane Sofia hakuwasha moto. Alijifunga kanga, akaenda mwenyewe kwenye ile meza. Akakaa huko kitambo. Aliporudi aliuokota upawa, akaufuta, akagonga sufuria mara tatu kama ulivyokuwa unagonga wewe, mpaka madereva wakachungulia.

"Mama alikosea," akasema. "Hakudanganya. Alikosea. Nani anapanda Newala na mimi?"

Wale vijana watatu wa hapa mjini walikimbia kwenye meza wakarudi kabla uji haujapoa. Wa huko kwenu ndio waliokuwa na tatizo, maana huku huja kwa msimu tu, kitongoji chao ni kule juu, na malori manne yalikuwa yamepanga mstari mbele ya ghala. Nikamfuata mnyapara. Yeye si mtu mbaya, ila kichwa chake kimejaa magunia. Akasema, "Sita wakiondoka, nani ashushe? Karatasi za kura?"

Nikasema tutashusha sisi tuliobaki.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili."

"Na huo mgongo?"

"Mgongo upo."

Akanipa siku mbili, kesho na keshokutwa. Akasema keshokutwa lori moja likilala halijashushwa, hao waliopanda wasirudi kwake.

Jioni hiyo kulikuwa na lori tupu linarudi juu. Watano wakapanda nyuma na Sofia, ambaye mwenyewe hakuwahi kuwa na kadi, umri ulikuwa umemfikia mwaka huo. Dadi akabaki amesimama chini, mikono kifuani. Tulimwita wote. Sofia alimwita kwa jina lake lote la shuleni. Akasema, "Mimi sipandi. Mtu amenilisha misimu mitano, nikimbie huko juu kumfanya mwongo naye hayupo wa kujibu? Mwenye kadi ni mpiga kura. Alisema yeye."

Sofia akachungulia juu ya ubao wa lori, akaniangalia mimi badala yake. "Na wewe, Baba Neema? Mama alikuwa anakuuliza, unacheka. Leo cheka basi."

Sikucheka. Lori likaondoka.

Siku zile mbili sitaki kuzieleza sana. Gunia la korosho unalijua. Tulikuwa watano, mimi, wale watatu wa mjini, na Dadi. Dadi alibeba kama watu wawili. Nikikwama kwenye ngazi alikuwa anapitisha bega lake chini ya gunia langu, ananisindikiza mpaka juu ya tabaka la magunia, anashuka kuchukua lake. Alikuwa bado amekasirika na mimi. Alinisaidia huku amekasirika.

Siku ya tisa mchana nilivuka barabara na vumbi langu nikaenda kwenye ile meza. Msichana akafungua karatasi. Jina. Umri. Akauliza, "Unaishi mtaa huu tangu lini?" Nilitaka kusema mimi si wa hapa. Jana yake usiku nilikuwa nimempigia binti yangu Neema, nikamwuliza kama kule kwetu Kasulu ningeweza kuandikishwa, naye akasema kwa upole, "Baba, hapa wajukuu wako wanakujua kwa simu. Wewe ni wa huko." Basi nikamjibu yule msichana, "Miaka kumi na tatu." Akaandika. Nikaweka sahihi. Nilijiona kama mtu aliyezika kitu. Nikarudi kubeba.

Sasa nifike pale penye uzito.

Siku ya kumi asubuhi lilibaki lori moja. Dadi alikaa karibu nami akifunga gunia la begani. Bila kuniangalia akauliza, "Hivi wanafunga saa ngapi?" Hakutaja nini. Nilijua anauliza nini. Moyo wake ulikuwa umeanza kugeuka, Mama Sofia. Kama ningesema, "Nenda sasa, kuna bodaboda pale stendi, utawahi," angekwenda. Alikuwa anangoja mtu amsukume kidogo tu, ili aseme amesukumwa.

Nikatazama lori. Nikaufikiria mgongo wangu, maana tangu jana yake mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Nikafikiri, huyu akiondoka hatumalizi, na tusipomaliza wale watano wamepoteza kazi. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Kulikuwa na nyingine isiyo nzuri. Nilikuwa nimechoka. Nilihitaji bega lake.

Nikamjibu, "Sijui."

Nilijua. Msichana alikuwa ameniambia mwenyewe, jioni saa kumi na mbili.

Tukashusha lori. Lilikwisha jua likiwa limeinama. Mnyapara akatununulia soda. Dadi akanywa yake, akaitupa chupa kwenye kreti, akasema, "Basi, imeshapita," kama mtu anayezungumzia mvua.

Wale watano walirudi na Sofia wakiwa na furaha. Majina yao yote yaliingia. Kazi zao zilikuwepo. Wakatuchinjia kuku. Mimi nilikula nikiwa nimelala ubavu.

Siku ya kupiga kura walipanda wote, na Dadi naye, na kadi yake mfukoni. Nadhani aliamini kwamba akifika, ukweli wako ungesimama. Wenzake wananiambia alisoma karatasi zilizobandikwa ukutani, akazisoma tena kwa kidole, jina kwa jina. Akamwonyesha msimamizi kadi. Msimamizi akamweleza taratibu, hakumfokea. Dadi akakaa chini kando ya ukuta mpaka wenzake walipomaliza. Akashuka nao. Akaja moja kwa moja nilipolala, akaweka kadi juu ya blanketi langu.

"Ukienda kaburini kwake mrudishie," akasema. "Mwambie alinidanganya."

Nikasema, "Hakukudanganya, Dadi. Hakujua." Nikaishia hapo. Nilikuwa na mengine ya kusema na niliishia hapo.

Mwenyekiti wa kitongoji ni yule yule. Ndiyo, Mama Sofia, usigonge sufuria. Alishinda. Lakini kwenye mkutano wa kwanza Sofia na wale watano walisimama wakauliza habari ya kufuli. Akawauliza, "Nyie si wa ghalani Masasi? Nani kawaita?" Sofia akamjibu, "Tumo kwenye orodha ya kitongoji, baba, tazama." Watu wakaguna. Sasa kioski kinafunguliwa jioni, na asubuhi mara tatu kwa wiki. Siku nyingine mama yako anakuta ndoo imejaa, siku nyingine tupu. Ndivyo ilivyo. Sikupambii maneno.

Baada ya hapo Daftari la Kudumu likarudi. Safari hii nilisimama kwenye foleni yangu mwenyewe pale Mkomaindo, nimeegemea fimbo, sikumshikia mtu. Kadi ninayo. Picha yangu inatisha, ungecheka wiki nzima. Na kila kijana anayeleta sahani kwa Sofia sasa anaambiwa yote mawili, kadi ni moja na orodha ya mtaa ni nyingine, usilale. Mchuzi mtupu bado upo. Dadi akisikia hayo anainuka na sahani yake, anakwenda kula mbali. Tukimwambia kadi yake bado ni nzima, aje akahakiki taarifa, anasema hana kadi, alishairudisha kwa mwenyewe.

Siku hizi nafagia ghala. Mnyapara amenitafutia kazi hiyo, ni huruma, naijua huruma nikiiona. Nikifagia namwona Dadi anapanda ngazi na gunia, na lile bega.

Sikuirudisha kadi yake kwako. Sofia alitaka tuifukie chini ya msalaba, nikakataa. Nimeifunga kwenye nailoni, iko kwenye begi langu, chini ya picha ya Neema. Oktoba inakuja, na uchaguzi mkuu unakuja na Oktoba, na korosho zinakuja na Oktoba, malori yatapanga mstari kama kawaida. Nakuahidi, Mama Sofia, mbele ya huo msalaba nisiouona: siku hiyo sitatazama lori. Nitamwambia mnyapara mapema, wiki nzima kabla, awape vijana ruhusa, na akikataa nitakaa mlangoni mwa ghala na fimbo yangu. Mimi nitapiga kura hapa Mkomaindo, ninapoishi. Nimeshaandika na nimekubali, naishi hapa. Wao watapanda kwao.

Nilisema nitampa mtu akusomee. Sofia hawezi, atalia mstari wa pili. Anayesoma sasa hivi ni Dadi. Yeye ndiye aliyebeba mfuko wa saruji, yeye ndiye amekaa hapo karibu yako, na kama namjua, amesoma mpaka hapa bila kuruka, kwa sababu ni mtu wa kushika neno.

Dadi, mwanangu, uliniuliza wanafunga saa ngapi. Walikuwa wanafunga saa kumi na mbili. Ulikuwa na muda wa saa tisa nzima mbele yako. Mama Sofia alikosea kwa kutokujua. Mimi nilijua. Ukitaka kumwita mtu mwongo, umwite aliye hai.

Sasa kunja karatasi, mwagieni maji msalaba ushike. Halafu shuka Masasi. Uje na hasira yako, nitakuwa nafagia. Kadi yako nitakupa mkononi.

Mama Sofia, pumzika. Sahani yangu bado iko kwenu.

Baba Neema,
Mkomaindo, Masasi